Mbunge Anapomhoji Waziri Kuhusu Mambo ya Nje na Usalama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila wanajeshi wanapopelekwa nje, mpaka unapofungwa au mkataba mzito unapotiwa saini, wananchi huuliza yaleyale kuhusu Bunge: linajua nini, linaruhusiwa kuuliza nini, na waziri anabanwa vipi. Majibu yaliyo hapa yanaegemea zaidi Tanzania na Kenya. Pale ambapo mfano ulio wazi zaidi uko kwingine, tumeuchukua huko. Msimamo wa mwandishi ni mmoja na hausitiriwi: operesheni inaweza kuwa siri, lakini sera ni ya wananchi, na mbunge anayekubali hayo mawili yachanganywe ameiacha kazi aliyotumwa.

## Misingi

1. Mambo ya nje na majeshi si kazi ya Rais? Mbunge anaingiaje hapo?

Anaingia kwa mlango wa Katiba. Ni kweli Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na ndiye anayeisemea nchi mbele ya mataifa mengine. Lakini bajeti ya jeshi inapitishwa na Bunge, na mshahara wa balozi unatoka kwenye fungu ambalo wabunge wamelipigia kura.

Kwa Tanzania, Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Ibara hiyohiyo inataja, kama njia ya kwanza ya kutimiza kazi hiyo, kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno ni "swali lolote". Hapakuongezwa "isipokuwa la ulinzi".

Kwa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imekwenda mbali zaidi. Ibara ya 153 inamtaka waziri afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapotakiwa, na ajibu swali lolote linalohusu jukumu lake. Ibara ya 240 inalitaka Baraza la Usalama wa Taifa litoe taarifa kwa Bunge kila mwaka kuhusu hali ya usalama. Ibara ya 132 inamtaka Rais aeleze kila mwaka nchi imefikia wapi katika kutimiza wajibu wake wa kimataifa. Kwa hiyo mbunge anayeuliza hamwombi waziri hisani.

2. Ni waziri gani anayepaswa kujibu?

Hapa ndipo maswali mengi hupotelea. Raia aliyekamatwa ughaibuni ni suala la Wizara ya Mambo ya Nje. Askari aliye kwenye ulinzi wa amani yuko chini ya Wizara ya Ulinzi. Polisi, uhamiaji na wakimbizi, kwa Tanzania, ni Mambo ya Ndani. Ushuru wa mpakani ni Fedha. Tukio moja la mpakani linaweza kuzigusa wizara zote nne, na kila moja ikasema hilo si langu.

Mbunge mzoefu halielekezi swali kwa tukio. Analielekeza kwa uamuzi. Badala ya "nini kilitokea mpakani?" huuliza nani aliagiza kituo kifungwe, kwa mamlaka ya sheria ipi, na nchi jirani iliarifiwa kwa njia gani. Uamuzi huwa na mwenyewe. Na hata swali likitua kwa waziri asiye sahihi, waziri huyo anajibu kwa niaba ya Serikali nzima, kwa hiyo kulikataa moja kwa moja ni vigumu zaidi kuliko inavyodhaniwa.

3. Swali linapita njia gani kabla ya kusomwa ukumbini?

Mbunge huliandika na kuliwasilisha ofisi ya Katibu wa Bunge. Hukaguliwa kama linakidhi kanuni: lisiwe hotuba, lisitaje majina ya watu pasipo ulazima, lisiulize jambo lililo mahakamani (tazama swali la 16), lisirudie lililokwisha kujibiwa. Kisha hupelekwa wizarani, ambako watendaji huandaa jibu, na siku ikifika waziri au naibu wake hulisoma.

Ina maana jibu la kwanza utakalolisikia limeandikwa na maofisa, limepitiwa na wanasheria, na limesafishwa kila neno linaloweza kuleta shida. Usitegemee habari mpya humo. Habari mpya huja kwenye hatua inayofuata.

4. Swali la msingi na swali la nyongeza yana tofauti gani?

Swali la msingi ni lile lililowasilishwa kimaandishi. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo baada ya jibu, na waziri hana karatasi yake. Kwa utaratibu wa Tanzania, mwenye swali hupata nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine wanaweza kupewa nafasi Spika akiridhia.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Swali la msingi linapaswa kumfanya waziri asimame mahali fulani: "Je, ni kweli kwamba makubaliano yalisainiwa?" Akishasema ndiyo, nyongeza inaingia: "Kwa kuwa Waziri amekiri yalisainiwa, je, yaliletwa lini mbele ya Bunge hili?" Wabunge wengi huipoteza nafasi hiyo kwa kutumia nyongeza kuomba barabara ya jimboni. Tunajua shinikizo la jimbo lilivyo, lakini nyongeza iliyopotea katika mambo ya ulinzi hairudi, kwa sababu swali lenyewe huenda lisipangiwe nafasi tena mkutano mzima.

5. Mawaziri wa Kenya si wabunge. Wanahojiwa wapi?

Tangu Katiba ya mwaka 2010, waziri wa Kenya hawezi kuwa mbunge, na kwa miaka mingi baada ya hapo maswali yalipitia kwenye kamati. Baadaye kanuni zilirekebishwa, na tangu mwaka 2023 mawaziri wamekuwa wakifika ukumbini wenyewe kujibu. Kwa mambo tunayoyazungumzia, kamati yenye dhamana ni ile ya Ulinzi, Ujasusi na Mambo ya Nje.

Mfumo huu una faida yake: waziri hana jimbo wala kura ya kulinda ukumbini. Una na kasoro yake: akiondoka, ameondoka. Tanzania waziri aliyejibu vibaya asubuhi anakutana na wabunge walewale jioni, na keshokutwa, hadi mkutano uishe.

## Kuuliza swali lenye meno

6. Kwa nini majibu huwa "Serikali itaendelea kuimarisha..."?

Kwa sababu swali liliuliza hivyo. Chukua swali la aina hii, ambalo kila msomaji wa Hansard (Taarifa Rasmi za Bunge) amekutana nalo: "Je, Serikali ina mpango gani wa kuimarisha ulinzi katika mipaka yetu?" Waziri yeyote duniani anaweza kulijibu akiwa usingizini. Mipango ipo, ulinzi unaimarishwa, wananchi watoe ushirikiano, nakushukuru Mheshimiwa Spika.

Sasa lilinganishe na hili: "Je, tangu Bunge hili lipitishe bajeti, ni vituo vingapi vya mpakani vilivyofungwa kwa zaidi ya siku saba, ni nani aliyeagiza vifungwe, na wafanyabiashara waliozuiliwa waliarifiwa kwa tangazo gani?" Hapa kuna idadi, kuna mtu, kuna hati. Akijibu, tumejua. Akikwepa, kila mtu ameona alichokwepa. Na akitaja idadi isiyo ya kweli, imeingia kwenye Taarifa Rasmi na inaweza kupimwa hata miaka 10 baadaye.

Kipimo chetu ni kimoja: je, jibu la swali hili linaweza kuthibitika kuwa si kweli? Kama haliwezi, lirudishwe mezani likaandikwe upya.

7. Je, kuna maswali ya ulinzi yanayoweza kuulizwa bila kuhatarisha askari?

Mengi sana. Mbunge hahitaji kujua doria inapita barabara gani wala kikosi kinaondoka saa ngapi. Anahitaji kujua askari wametumwa kwa azimio lipi, mafunzo yao yalikuwa yapi, vifaa ni vya nani, akijeruhiwa anatolewa na nani, na familia yake inalipwa nini ndani ya muda gani.

Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa, na askari 15 wa Tanzania wakauawa. Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi maalumu, na miongoni mwa uliyoyabaini ni mapungufu katika mafunzo na kukosekana kwa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu waliozingirwa. Yasome tena hayo mawili. Mafunzo, na mpango wa kuwafikia. Yote ni mambo ambayo mbunge anaweza kuyauliza hadharani kabla kikosi hakijapanda ndege, na hakuna adui atakayefaidika kwa kusikia kwamba mpango upo.

8. Mbunge wa chama tawala anaweza kumbana waziri wa chama chake?

Anaweza, na swali lake huumiza zaidi, maana haliwezi kupuuzwa kwa kuitwa la upinzani. Kamati ndiyo mahali anapoweza kulifanya hilo kwa gharama ndogo. Ukumbini anaangaliwa na mnadhimu wake, yaani msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa chama.

## Siri na mipaka yake

9. Waziri anaweza kukataa kujibu kwa kusema "ni usalama wa taifa"?

Anaweza, na mara nyingine ana haki kabisa. Majina ya maofisa wa ujasusi, operesheni inayoendelea, mazungumzo ya kuwakomboa mateka, uwezo halisi wa silaha fulani: hakuna mbunge mwenye akili timamu anayetaka hayo yasomwe kwenye redio.

Shida huanza pale mwavuli huo unapofunika sera. Uingereza ilipitia hili kwa uchungu. Mwaka 1985 serikali yake ilitangaza bungeni miongozo ya kuzuia uuzaji wa vifaa vya kivita kwa Iran na Iraq, zilizokuwa vitani. Vita viliposimama mwaka 1988, mawaziri wadogo walilegeza miongozo hiyo kwa upande wa Iraq bila kulitangazia Bunge. Wabunge waliendelea kuuliza, na wakaendelea kujibiwa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Wakati huohuo wakurugenzi wa kampuni ya Matrix Churchill wakafikishwa mahakamani kwa kuuza mashine Iraq. Kesi ikaporomoka mwaka 1992, baada ya waziri mmoja wa zamani kukiri kizimbani. Jaji Richard Scott alichunguza, na ripoti yake ya mwaka 1996 ikaeleza bayana kwamba majibu waliyopewa wabunge yaliwapotosha.

Zingatia kilichofichwa. Hakikuwa mahali kikosi kilipo wala jina la jasusi. Kilikuwa ni kanuni ya serikali kuhusu nani auziwe nini. Kuna watu walikaribia kufungwa kwa sababu jambo hilo lilikaa gizani.

Waziri anapokataa, mbunge afanye mambo mawili papo hapo. Kwanza, amtake aseme ni sehemu ipi ya swali iliyo siri, maana mara nyingi ni moja kati ya nne. Pili, aombe kupitia kiti cha Spika kwamba sehemu hiyo ijibiwe kwenye kamati.

10. Kamati inayokaa faragha ina faida gani kama wananchi hawasikii?

Faida yake ni muda na nyaraka. Ukumbini mbunge ana dakika chache. Kwenye kamati anaweza kukaa na waziri, katibu mkuu na wakuu wa vyombo kwa nusu siku, hesabu zikiwa mezani. Kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Kamati ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama. Uingereza ina kamati mahususi ya ujasusi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na kuongezewa nguvu mwaka 2013.

Gharama yake ni kwamba mjumbe aliyesikia amefungwa mdomo. Kuna hatari ya serikali kuwaambia wajumbe wachache jambo zito ili tu wasiweze kulizungumza nje. Kanada ilitafuta njia ya katikati. Serikali ilipokataa kutoa nyaraka kuhusu wafungwa waliokabidhiwa mamlaka za Afghanistan, Spika Peter Milliken aliamua tarehe 27 Aprili 2010 kwamba Bunge lina haki ya kudai nyaraka hizo, lakini akazipa pande zote muda wa kukubaliana jinsi ya kuzisoma bila kuhatarisha usalama. Uamuzi huo unafaa kusomwa na kila anayeandika kanuni za bunge: uliitambua haki kwanza, kisha ukaomba busara katika kuitumia. Wengi hufanya kinyume chake.

11. Kwa nini mbunge aulize jambo ambalo tayari analijua?

Ili lisemwe na mwenye dhamana, mahali linapoandikwa. Hakuna mfano ulio wazi kuliko wa seneta Ron Wyden wa Marekani. Kama mjumbe wa kamati ya ujasusi, alikwisha kuelezwa kwa siri kwamba rekodi za simu za raia zinakusanywa kwa wingi. Alikatazwa kulisema. Hakukatazwa kuuliza.

Tarehe 12 Machi 2013, katika kikao cha wazi, alimwuliza mkurugenzi wa ujasusi wa taifa, James Clapper, kama shirika la ujasusi wa mawasiliano la NSA hukusanya taarifa za aina yoyote za mamilioni ya Wamarekani. Ofisi ya Wyden ilikuwa imempelekea swali hilo siku moja kabla. Clapper alisema hapana, kisha akaongeza kwamba si kwa makusudi. Kamera zilikuwa zinarekodi. Alikuwa akijipapasa paji la uso. Miezi mitatu baadaye nyaraka alizozivujisha Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi za NSA, zilionyesha ukweli, na Clapper alilazimika kuomba radhi kwa kamati.

Clapper hakuwa waziri kwa maana yetu, lakini funzo la kazi ni lilelile. Wyden hakuvunja kiapo chake hata kidogo. Alitunga swali fupi, lenye neno "yoyote" ndani yake, akaacha jibu likae kwenye kumbukumbu likisubiri siku yake.

12. Mbunge akiwa na siri mkononi, anaweza kuitaja ukumbini bila kushtakiwa?

Kinga ya mbunge ni pana. Ibara ya 100 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa majadiliano bungeni na kuzuia mahakama kuhoji yaliyosemwa humo, na Kenya ina ulinzi wa namna hiyo katika Ibara ya 117. Kinga hiyo hufunika mchango wa ukumbini na kamatini. Haifuniki kunakili nyaraka na kuzigawa mtaani, wala haimzuii Spika kumwadhibu mbunge kwa kanuni za Bunge lenyewe.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Duncan Sandys, mbunge wa Uingereza aliyekuwa pia ofisa wa jeshi la akiba. Mwaka 1938, vita na Ujerumani vikinukia, alimpelekea waziri wa vita rasimu ya swali kuhusu upungufu wa mizinga ya kuangushia ndege. Takwimu zilikuwa sahihi mno. Badala ya kujibiwa akatakiwa kueleza alizipata wapi, na akaonywa kwamba sheria ya siri za serikali inaweza kumshika. Sandys alilipeleka suala hilo bungeni kama uvunjaji wa haki za mbunge, na Bunge likasimamia kwamba mbunge hawezi kushtakiwa kwa kile anachokisema katika kazi za Bunge.

Ushauri wetu kwa mbunge aliye katika hali hiyo: usisome waraka. Tunga swali ambalo jibu lake la kweli litausema waraka wenyewe (tazama swali la 11). Chanzo chako kitakuwa salama zaidi, na mzigo utahamia kwa waziri.

## Vita, majeshi na mikataba

13. Je, ni lazima Bunge liidhinishe jeshi kwenda nje?

Inategemea nchi, na tofauti ni kubwa.

Kenya inataka idhini: kwa Ibara ya 240, Baraza la Usalama wa Taifa hupeleka vikosi nje kwa ajili ya amani kwa kibali cha Bunge, na kwa Ibara ya 95 kutangaza vita kunahitaji ridhaa ya Bunge la Taifa. Tanzania, kwa Ibara ya 44, Rais anaweza kutangaza hali ya vita kisha apeleke nakala kwa Spika, na Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kuamua kama linaunga mkono tangazo hilo. Afrika Kusini inamtaka Rais aliarifu Bunge bila kukawia: sababu, mahali, idadi ya watu na muda. Ujerumani, tangu uamuzi wa mahakama yake ya katiba wa Julai 1994, haitumi askari kwenye operesheni za kivita bila kura ya bunge lake, Bundestag.

Usidhani kura ya Bunge humaliza mjadala. Novemba 2023 Bunge la Kenya liliidhinisha polisi kwenda Haiti. Januari 2024 Mahakama Kuu ikasema Baraza la Usalama lina mamlaka ya kupeleka jeshi, lakini polisi ni habari nyingine, na kwa polisi sheria inataka kuwe na makubaliano na nchi inayowapokea. Makubaliano yakasainiwa Machi, na kikosi cha kwanza kikatua Haiti Juni 2024. Swali la aina hiyo, yaani sheria ipi hasa inatumika, lilikuwa la kumalizwa bungeni kwanza kabla halijafika kwa jaji.

14. Bunge limewahi kuizuia serikali isiende vitani?

Ndiyo. Tarehe 29 Agosti 2013 serikali ya David Cameron wa Uingereza iliomba idhini ya kuchukua hatua za kijeshi Syria, ikashindwa kwa kura 285 dhidi ya 272, na Cameron akatii usiku uleule. Kivuli cha Iraq kilikuwa ukumbini: mwaka 2003 Bunge hilohilo liliidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149, kwa kutegemea taarifa za silaha ambazo hazikupatikana.

Lakini Uingereza haina sheria inayolazimisha kura hiyo. Ni desturi tu. Aprili 2018 serikali ya Theresa May ilishambulia Syria bila kuliuliza Bunge kwanza. Ndiyo maana tunaona nchi zilizoliandika sharti hili kwenye katiba zimefanya jambo la maana.

15. Mikataba ya kimataifa je?

Ibara ya 63 ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 ya kutunga na kuridhia mikataba. Mwanya uko kwenye makubaliano yanayopewa jina la hati ya maelewano au mpango wa ushirikiano, yasiletwe bungeni kwa hoja kwamba hayahitaji kuridhiwa. Mbunge aulize yaliyomo, asiulize jina: je, hati hii inaibebesha nchi gharama, inaruhusu wanajeshi wa kigeni kukanyaga ardhi yetu, au inawaondoa kwenye mamlaka ya mahakama zetu?

## Hali zenye utata

16. Jambo likiwa mahakamani, linaweza kuulizwa?

Si lile lenyewe lililo mbele ya jaji. Sera inayolizunguka inaulizika: kesi ya mtuhumiwa wa ugaidi iachwe, lakini muda ambao watuhumiwa wote wanawekwa mahabusu kabla ya kushtakiwa ni halali kuuliza.

17. Swali likimtaja rais wa nchi jirani?

Mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola yanazuia kumsema vibaya mkuu wa nchi rafiki katika swali. Taja kitendo cha serikali yake, wala huhitaji jina.

18. Waziri akisema uongo, inakuwaje?

Kwanza ukumbini: mbunge anaweza kuomba mwongozo wa Spika, akiwa na ushahidi, na waziri akatakiwa kuthibitisha au kufuta kauli yake. Katika mila ya Westminster, yaani ya Bunge la Uingereza na yaliyoiga mfumo wake, waziri aliyelipotosha Bunge kwa makusudi anatarajiwa kujiuzulu. John Profumo, waziri wa vita wa Uingereza, alijiuzulu Juni 1963, na kilichomwangusha ni kauli ya uongo aliyoitoa bungeni Machi.

Lakini wengine huponea, kwa sababu ushahidi huchelewa. Anthony Eden, waziri mkuu wa Uingereza, alilieleza Bunge Desemba 1956 kwamba hakukuwa na taarifa za mapema kuwa Israeli ingeishambulia Misri. Wiki chache kabla, wajumbe wake walikuwa wamesaini makubaliano ya siri na Israeli na Ufaransa huko Sèvres. Alijiuzulu mwezi uliofuata akitaja afya yake.

Ndiyo maana tunamheshimu sana mbunge wa Uingereza Tam Dalyell. Tarehe 2 Mei 1982, katika vita vya visiwa vya Falkland, manowari ya Uingereza iliizamisha meli ya Argentina, General Belgrano, na watu 323 wakafa. Bunge liliambiwa kwamba kundi la meli hiyo lilikuwa linakisogelea kikosi cha Uingereza. Dalyell akaanza kuuliza: ilionekana lini mara ya kwanza? Ilikuwa inaelekea wapi ilipopigwa? Nani alibadili amri, saa ngapi? Aliuliza mwaka hadi mwaka, akizomewa hata na wenzake. Kidogokidogo ilibainika meli ilionekana mapema kuliko Bunge lilivyoambiwa, na ilipopigwa ilikuwa inakwenda upande wa pili. Mwaka 1984 ofisa wa wizara ya ulinzi, Clive Ponting, alimpelekea nyaraka. Akashtakiwa, na Februari 1985 wazee wa baraza wakamwachia huru. Kama meli ile ilikuwa tishio au la, mabaharia na wanahistoria bado wanabishana, na hata hoja za upande wa serikali zina uzito. Kwamba Bunge lilipewa maelezo yasiyo sahihi, hilo halina ubishi, na lilijulikana kwa sababu mtu mmoja hakuchoka kuuliza meli ilikuwa inaelekea wapi.

19. Mimi si mbunge. Nifanyeje swali langu lifike kwa waziri?

Liandike kama lilivyoelezwa katika swali la 6, liwe na sentensi mbili au tatu, na uambatanishe ulichonacho: tangazo, barua, tarehe, picha ya kituo kilichofungwa. Mpelekee mbunge wako, na nakala kwa mjumbe wa kamati husika hata kama si wa jimbo lako, maana yeye ndiye atakayekaa na waziri. Kenya unaweza pia kuwasilisha maombi rasmi kwa Bunge chini ya Ibara ya 119.

Likishaulizwa, itafute siku hiyo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, usome jibu neno kwa neno, na umwandikie mbunge ni kipande gani hakikujibiwa. Mpelekee kabla ya mkutano unaofuata, ili apate muda wa kuwasilisha swali jipya.